Sikio la Mwasisi

Kinanda alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa pale redio ya kinyozi ilipomletea riziki.

"Baraza la mji," ilisema redio kwa ile sauti ya wakubwa, kama mtu anayesoma huku viatu vinambana, "linawatafuta wazao wa marehemu Mwasisi, aliyetoka mbali na mkewe, watoto wake, mkokoteni na mbuzi, akauanzisha mji huu. Yeyote wa damu yake afike ukumbi wa baraza Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kuna jambo linalowahusu."

Kinyozi alizima mashine. "Umesikia? Jambo linalowahusu! Hicho ni kiwanja, kaka. Kama si kiwanja ni fidia."

"Baraza hilihili?" aliguna mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake kwenye benchi. "Hospitali yao ina friji la soda na haina dawa. Leo ndio wamtafute mtu wampe kitu?"

Maneno ya mzee yule yalikuwa ya kweli kabisa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeyasikiliza. Kinanda alishasimama, taulo shingoni.

"Kaka, na upande wa pili?"

"Nitarudi."

"Utatembea mjini hivyo? Watu watakuonaje?"

"Wataniona msomi," alisema Kinanda, akatoka.

Alikuwa anaitwa Kinanda kwa sababu popote ulipombonyeza alitoa wimbo. Mwili wake ulikuwa mwembamba, viatu vyake vinang'aa, na mdomo wake ulikuwa na uwezo wa kumtoa nyoka pangoni na kumuuzia soksi. Aliwahi kumuuzia mkuu wa kituo cha polisi geti la kituo hichohicho. Kwa biashara ile alifungwa, na alipotoka alifanya nyingine akafungwa tena, na siku ya mwisho hakimu alimtazama juu ya miwani akamwambia, "Nikikuona tena mbele yangu kwa kosa la kudanganya watu, utaotea mvi huko ndani." Hakimu yule alikuwa na tabia ya kutekeleza anachosema, kitu kilichowashangaza sana wakubwa wenzake. Kinanda alimwamini. Kwa hiyo aliapa kwamba atapiga dili moja tu la mwisho, safi, halafu apande basi aende mji ambao hakimu wake ni mvivu.

Na dili lenyewe ndilo hili, limetangazwa redioni na serikali kwa gharama za serikali.

Alikwenda moja kwa moja hadi mzunguko wa barabara, mahali lilipo sanamu la Mwasisi. Sanamu lile la saruji lilichongwa na shemeji wa mwenyekiti wa baraza, ambaye kabla ya kupewa kazi hiyo alikuwa anatengeneza masinki. Mwasisi alitoka na mguu mmoja mfupi, macho yanayotazama njia mbili, na sikio la kushoto kubwa kama kisahani cha chai. Kinanda alilitazama sikio lile kwa muda mrefu, kwa heshima, kama mtu aliyeletewa chakula.

"Shikamoo, babu," alilinong'oneza.

Siku ya pili, kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la kutengeneza redio, palitundikwa kibao: OFISI YA UTAFITI WA NASABA. WAZAO WA MWASISI WANATAMBULIWA HAPA. Ndani palikuwa na meza, viti viwili, shuka jeupe ukutani lililochorwa mito na milima, na uzi mwekundu ulioshikizwa kwa pini ukionyesha njia aliyopita Mwasisi na familia yake. Ncha ya uzi ilikuwa imeachwa inaning'inia. Hapo ndipo palipokuwa na akili. Ncha ile iliweza kufika nyumbani kwa mtu yeyote.

Juu ya meza kulikuwa na chombo cha kupimia vyuma, kile cha taya mbili kama mdomo wa kaa. Alikinunua kwa fundi wa magari, akakifuta grisi.

Wa kwanza kuingia alikuwa mwenye bucha, mtu mkubwa mwenye mikono kama mapaja, ambaye mizani yake ilikuwa na uongo wake yenyewe.

"Mimi sijaja kutafuta kitu," alisema mwenye bucha. "Nimepita tu."

"Wote wa damu ile hupita tu," Kinanda alimjibu, akamsogezea kiti. "Hata Mwasisi alipita tu. Kaa, mzee wangu. Bibi yako alikuwa akilalia ubavu gani?"

"Bibi? Mh. Wa kulia, nadhani."

Kinanda alishusha kalamu polepole, akamtazama kwa macho yaliyolowa. "Ukoo mzima ule ulilalia ubavu wa kulia. Sikio la kushoto lilibaki juu kuwasikiliza mbuzi usiku. Ndio maana lilikua. Hebu tulione lako."

Mwenye bucha aligeuza kichwa. Taya za chombo zilifungwa toka juu ya sikio hadi kwenye ndewe, na Kinanda akavuta pumzi.

"Vipi?" mwenye bucha aliuliza.

"Usitikisike."

"Ni lenyewe?"

"Mzee wangu," alisema Kinanda, na sauti ikamkatika pale hasa alipotaka ikatike, "umekuwa wapi siku zote hizi?"

Mwenye bucha alilia. Mtu aliyechinja ng'ombe maisha yake yote alilia kwenye kiti cha mbao kwa sababu ya sikio. Halafu akatoa fungu la noti alilolificha soksini, maana utafiti una gharama zake: uzi, pini, na safari za mtafiti kwenda kuhoji milima.

Chombo kile, ijulikane, hakikuwahi kukataa sikio lolote isipokuwa la mtu asiye na hela.

Baada yake alikuja mwalimu mstaafu, mwenye koti lenye viraka kwenye viwiko vyote viwili na kiinua mgongo ambacho wakubwa walikuwa bado wanakitafuta kwenye makabati yao. Yeye alitaka ushahidi.

"Kihistoria," alisema, kidole juu, "sikio peke yake halitoshi."

"Ndio maana nilikuwa nakusubiri wewe," alijibu Kinanda. "Hawa wengine wana sikio tu. Mwasisi alikuwa na mtoto wa pili, mpole, msomi, aliyekuwa akiwafundisha mbuzi kuhesabu. Tawi lake limepotea. Mwalimu, kwenu kuna mtu aliyewahi kufundisha?"

"Mimi mwenyewe!"

"Yarabi," alisema Kinanda, akashika meza.

Akaja pia fundi cherehani, mwanamke mnene mcheshi, tepu ya kupimia shingoni, pini mdomoni, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. Huyu Kinanda alimwogopa kidogo. Alipimwa, akaambiwa ametokana na binti wa Mwasisi, yule aliyekuwa anashona turubai la mkokoteni.

"Na mtafiti mwenyewe?" aliuliza, macho yamekaza. "Sikio lako limeshapimwa?"

"Daktari hajipasui mwenyewe, mama."

"Hee. Haya bwana." Alilipa, lakini alilitazama sikio la Kinanda kama nguo aliyoletewa na mshono umepinda.

Basi mji ukaingia wazimu. Watu waliacha kusuka upande wa kushoto ili sikio lionekane. Mwenye bucha alianza kumwita fundi cherehani shangazi, na fundi cherehani akaanza kuomba nyama ya kindugu, yaani ya bure. Mwalimu alimwita mwenye bucha "mdogo wangu," na mwenye bucha akauliza ni nani mdogo wa nani, yeye anatoka kwa mtoto wa kwanza. Walishikana mashati mbele ya sanamu, wakaamuliwa na kinyozi, ambaye naye wiki ile alikuwa ametambuliwa kuwa mjukuu wa yule aliyekuwa akiwakata mbuzi manyoya. Kinanda alisuluhisha kila ugomvi, kila suluhu ikawa na gharama yake. Mfuko wake ulinenepa. Alipanga kupanda basi Jumamosi asubuhi, wakati wajukuu wote wa Mwasisi watakapokuwa ukumbini wakisubiri viwanja vyao.

Lakini Jumamosi asubuhi, alipofungua mlango, mfuko begani na viatu vinang'aa, alikuta ukoo mzima umesimama nje na nguo za sikukuu.

"Mtafiti wetu!" mwenye bucha alimkumbatia hadi mbavu zikalia. "Tulisema asije akaenda ukumbini kwa miguu."

"Mimi nilikuwa, unajua, naenda kidogo..."

"Utatusemea mbele ya baraza," alisema mwalimu. "Wale hawaelewi historia."

"Na mfuko huo ni wa nini?" aliuliza fundi cherehani.

"Ushahidi," alisema Kinanda.

"Basi ulete," alisema fundi, akamshika mkono kwa nguvu za mtu anayezungusha cherehani ya mguu kutwa nzima.

Walimbeba juu juu kwenye kiti. Njia nzima Kinanda alitabasamu na kupunga mkono huku akilitazama basi lake likipita upande wa pili wa barabara, tupu, lina nafasi hata ya dirishani. Alijipa moyo. Wakishapewa viwanja watashangilia, na watu wakishangilia hakuna anayeangalia mlango wa nyuma.

Afisa wa baraza alichelewa, kama ilivyo kazi yake. Alipoingia alikuwa na tumbo lililotangulia, askari mmoja nyuma, na kikombe cha chai mkononi. Aliutazama ukumbi uliojaa masikio.

"Nyote ni wazao?" aliuliza.

"Soteee!" ukumbi ulijibu.

"Vizuri sana. Baraza lilihofia halitapata hata mmoja." Afisa alikunywa chai. "Kama mnavyojua, barabara inapanuliwa."

Kila mtu alijua. Barabara ya hospitali ilikuwa mashimo matupu, ila iliyokuwa inapanuliwa ilikuwa ile inayokwenda shambani kwa mwenyekiti wa baraza, ambako hakuna mgonjwa hata wa mafua.

"Kaburi la Mwasisi liko katikati ya njia. Linahamishwa. Na sheria inasema kaburi haliguswi ila na wenye damu ya marehemu. Kwa hiyo ninyi mtalifukua, mtachimba jipya kule kwenye mlima wa mawe, mtalijengea, mtaliwekea vigae na ukuta wa heshima. Kwa mikono yenu na kwa gharama zenu. Baraza linawapongeza."

Ukumbini ukasikika mlio wa afisa akimeza chai. Katika mwezi mzima ule, hakuna mtu aliyewahi kuuliza jambo linalowahusu ni jambo gani.

Mwenye bucha alisimama taratibu. "Mheshimiwa, mimi niliokotwa."

"Uliokotwa?"

"Mama aliniokota sokoni. Hata jina la baba silijui."

"Kihistoria," alisema mwalimu, akifunga vifungo vya koti, "nimekuwa na mashaka tangu mwanzo. Ushahidi wa sikio ni dhaifu sana."

"Hata mimi bibi yangu alilalia ubavu wa kushoto," alisema kinyozi. "Tena alikoroma."

Watu waliteremsha vitambaa, vilemba na kofia juu ya masikio. Kila mmoja aligeuka yatima ghafla. Afisa aliweka kikombe chini kwa kishindo.

"Sasa nani aliyewaambia kwamba ninyi ni wazao?"

Vidole vyote ukumbini viligeukia sehemu moja, na sehemu hiyo ilikuwa imeshafika karibu na mlango wa nyuma, mfuko begani.

"Mlete," afisa alimwambia askari. Kinanda akaletwa. "Wewe ndiye uliyewadanganya watu wote hawa?"

Kinanda alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hapakutoka wimbo. Alimwona hakimu na miwani yake, aliziona mvi zenyewe, moja moja, zinavyoota ukutani mwa gereza.

"Hakutudanganya, mheshimiwa," ilisema sauti. Alikuwa fundi cherehani, amesimama na mikono kiunoni. "Masikini ya Mungu, alikuwa anatafuta ndugu zake. Mtu mpweke huyu. Hebu nipisheni."

Alikichomoa kile chombo cha vyuma kwenye mfuko wa Kinanda, akakibana kwenye sikio la kushoto la Kinanda mbele ya ukumbi mzima. Kikaingia barabara, kama kilivyoingia kwa kila mtu.

"Jamani!" alipiga kelele. "Ni lenyewe! Tazameni lilivyo. Sanamu tupu!"

"Ni lenyewe!" alinguruma mwenye bucha, akaelewa.

"Kisayansi, hakuna ubishi," alisema mwalimu, akaelewa zaidi.

"Shangazi..." alinong'ona Kinanda.

"Mimi si shangazi yako," fundi alimnong'oneza, chombo bado kimembana. "Sisi ni majirani tu. Chagua mwenyewe, mwanangu. Ama wewe ni mjukuu wa Mwasisi, ama ni tapeli. Askari yule pale."

Afisa aliinua nyusi. "Wewe. Mwasisi ni nani wako?"

Kinanda alimtazama askari. Askari alimtazama Kinanda, anacheza na pingu kama mtu anayecheza na funguo za nyumbani.

"Ni babu yangu," alisema Kinanda.

"Sema kwa sauti."

"Ni babu yangu! Babu yangu mzaa baba!"

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Afisa alisema kuna suala la gharama, na fundi cherehani akasema hilo halina shida, mfuko alionao ndio michango ya wananchi wema kwa ajili ya kumzika upya babu yake, na kwamba wananchi wema hawadai risiti. Mwenye bucha alikohoa kidogo hapo, akizikumbuka noti zake za soksini, lakini akaufikiria mlima wa mawe, akaunga mkono.

Kwa hiyo Kinanda alinunua saruji. Alinunua vigae. Alinunua mchanga, kokoto, jembe na mtalimbo, na alipotafuta vibarua askari alimkumbusha kwamba kaburi haliguswi ila na damu, akakaa kivulini kumlinda. Hela zilizokuwa mfukoni mwake zilikwisha kwenye vigae vya bluu, maana afisa alisema Mwasisi alipenda bluu, na afisa alikuwa na binamu anayeuza vigae vya bluu.

Siku ya kufukua mji mzima ulikuja kutazama. Kinanda alichimba huku viatu vyake vimejaa udongo, malengelenge mikononi, akilaani sanamu, shemeji, sinki na redio. Ukingoni mwa shimo mwalimu alikuwa ameshika nafasi, akiwasomesha watazamaji historia, sasa haimgharimu kitu.

"Mwasisi alifika hapa na familia yake," alisema, "akakuta mahali pazuri pa kuvukia mto. Akawapimia viwanja wote waliomfuata, wakamlipa. Baadhi ya viwanja, kihistoria, vilipimwa mtoni."

"Mtoni?" aliuliza Kinanda toka shimoni.

"Kosa la vipimo. Mvua ilipokaribia kunyesha, watu wakaanza kuulizauliza, na kwa bahati mbaya sana akafa."

"Akafa lini?"

"Jioni ileile. Ghafla. Mjane hakutaka mtu auone mwili, kwa uchungu. Walimzika haraka, na asubuhi yake mjane na watoto wakaondoka na mkokoteni umefunikwa turubai, wanalia njia nzima. Hawakuonekana tena."

Kinanda aliacha kuchimba. Jembe lilikuwa limegonga mbao. Alifuta udongo kwa mikono, akalipata sanduku, limeoza pembeni. Alichungulia kwenye ufa. Aliingiza mkono, polepole, mpaka kwenye kiwiko.

Mawe. Mawe mazuri ya mtoni, laini, yamepangwa vizuri na mtu aliyekuwa anajua uzito wa mwili unatakiwa uweje.

Alikaa chini pale shimoni. Mabega yake yakaanza kutikisika. Machozi yalimtoka, akajiziba mdomo na mikono yote miwili, akatikisika tena. Aliona mkokoteni unaondoka, mke mkali ameshika kamba, watoto wanalia kama walivyofundishwa, na chini ya turubai mtu mmoja mwembamba amelalia ubavu wa kulia, amebana kicheko, na hela za mji mzima ameziweka chini ya kichwa kama mto. Mwezi mzima Kinanda alikuwa amewauzia watu damu ile bila kuiamini hata chembe. Sasa, matope mpaka shingoni, mfuko mtupu, aliamini.

"Masikini," alisema mwenye bucha huko juu. "Analia kweli."

"Damu hiyo," alisema kinyozi.

Afisa aliinama ukingoni, tumbo likadondosha udongo shimoni. "Vipi wewe? Kuna nini humo?"

Kinanda aliinuka, akajifuta uso. Angeweza kusema. Angesema, kazi ingesimama palepale na mlima wa mawe angeusikia tu kwa watu. Alitazama juu, kwenye zile nyuso zote zilizojipanga kuzunguka shimo, afisa na chai yake, mwalimu na kidole chake, fundi cherehani na mikono kiunoni. Halafu aliuziba ule ufa kwa udongo, kwa upole, kama mtu anayemfunika mzee shuka.

"Ni yeye, mheshimiwa," alisema.

"Una uhakika?"

"Huyu ndiye babu yangu. Simchanganyi na mtu."

"Basi mtoe. Unahitaji kusaidiwa kubeba?"

"Hapana." Kinanda alilipiga sanduku kofi la kindugu, akaingiza bega chini yake, magoti yakalia. "Mtu asimguse. Haya ni mambo ya familia."